Fundi wa Spika na Wimbo Uliopoteza Sauti

Katika kazi zote za The Clash, bendi ya panki iliyoanzishwa London mwaka 1976, ninayoipenda zaidi ni Super Black Market Clash, mkusanyiko wa mwaka 1993 wenye nyimbo 21, nyingi zikiwa zile zilizokuwa zimejificha upande wa pili wa santuri ndogo. Humo utawasikia vijana walioanza kwa kucharaza magita kwa hasira wakiingia kwenye rege, fanki na hata muziki wa disko, bila kumwomba mtu ruhusa. Panki wengi wa siku hizo hawakuthubutu. Sherehe moja mtaani Manyatta, Kisumu, ilinionyesha kwamba majaribio ya namna hiyo hayamfai kila mtu, hasa fundi aliyewakodisha watu spika.

Binamu yangu alikuwa amehitimu, na mjomba, aliyegharamia hema, viti na samaki, aliomba rege ya taratibu ili wazee wapate kula kwa utulivu. Nikaweka "Justice Tonight/Kick It Over", ambao ni wimbo "Armagideon Time" wa Mjamaika Willie Williams, uliopigwa na The Clash kisha ukageuzwa kuwa dabu. Katika dabu, sauti ya mwimbaji hupunguzwa hadi ikatoweka, besi na ngoma zikaachwa peke yake, halafu kipande cha gita au neno moja hurejea ghafla likiburuta mwangwi mrefu.

Joe Strummer, mwimbaji wa The Clash, alipotoweka kwa mara ya kwanza, fundi aliacha kichwa cha ngege alichokuwa akikifyonza, akaikimbilia amplifaya huku vidole vikimeremeta mafuta.

"Mmeniunguzia spika!"

Alichomoa waya, akaupuliza, akaurudisha, na papo hapo Strummer akarudi. Watu walipiga makofi. Kabla fundi hajakifikia kiti chake, sauti ikatoweka tena.

"Fundi, hakuna kilichoharibika," nilimwambia. "Sauti imeondolewa makusudi."

"Imeondolewa na nani?"

"Na wenyewe walioimba."

"Mtu aondoe sauti yake mwenyewe? Kwani alikuwa anadaiwa?"

Wimbo huo unakaribia dakika 9, kwa hiyo alipata nafasi ya kutosha ya kutafuta bisibisi na kufungua mfuniko, huku akinitajia bei ya matengenezo. Aliyenielewa ni mjomba peke yake, na alinielewa kupita kiasi, kwa maana alianza kuzunguka meza za wazee akiwaeleza habari za dabu kama kwamba yeye ndiye aliyeirekodi.

Ikafuata "Robber Dub", iliyopitia mikononi mwa Mikey Dread, mtayarishaji wa muziki kutoka Jamaika, ambayo haina huruma hata kidogo kwa mafundi wa spika. Sauti ilipozama, fundi alizamisha bisibisi pia. Kukasikika mlio wa "paa!", taa nyekundu ya amplifaya ikazimika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikafika mpaka kwenye ugali. Chini ya hema hakukubaki mlio wowote, na wageni waligeuka kututazama.

Mjomba aliinua mkono kuwatuliza.

"Kaeni, wazee wangu, msiwe na haraka. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Sasa wameondoa hata ngoma."