Kengele isiyoandikwa jina la mtu

Mkenya anayefika Minnesota na kuanza kazi ya kuhudumia wazee huifahamu Little House on the Prairie kabla hajaizoea theluji. Tamthilia hiyo ya Kimarekani, kuhusu familia ya Ingalls, walowezi wa karne ya 19, ilianza 1974 na kumalizika 1983, lakini hadi leo inarudiwa kwenye runinga. Mabinti watatu wanateremka kilima mbio, mdogo wao Carrie anajikwaa na kuanguka kwenye nyasi, na nyanya unayemhudumia, aliyekataa uji asubuhi, anatulia kitini.

Wengi husema utamu wake uko kwenye farasi, taa za mafuta na upole wa Mchungaji Alden. Kwangu mimi, kinachomgusa mtu aliye ugenini ni namna watu wa Walnut Grove, mji wa tamthilia hiyo, wanavyosaidiana. Tazama kipindi cha msimu wa kwanza kiitwacho "Harvest of Friends". Charles Ingalls, anayeigizwa na Michael Landon, anahitaji plau, na hana pesa. Anapatana na mfanyabiashara wa nafaka kulipa kwa kazi, na maksai wake wanawekwa rehani. Kisha anaanguka kutoka mtini na kuumia mbavu. Siku ya mwisho magunia bado hayajapangwa, mkewe na mabinti wanahangaika na gunia linalowashinda, na mfanyabiashara anayemdai anataka maksai. Ndipo wanaume wa mji wanaingia na kubeba hadi kazi inakwisha. Hakuna aliyechanga hata senti. Walitoa migongo yao.

Huku Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, ukiumia mbavu, kuna bima, na ambulensi inakuja upesi, ingawa bili yake itakufuata nyumbani. Jirani atakupungia mkono akiwa mlangoni pa gereji yake, na salamu ile ni ya kweli. Lakini hatajua kama umekula.

Kwetu watajua. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, na hadi leo familia jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Injili ya Jumapili inayofuata, kisha wakaulizana nani anaumwa, nani amefiwa. Kabla hawajaagana, mmoja amepewa jukumu la maji, mwingine la kuni, na vijana wameambiwa watafute viti na turubai. Hii ndiyo Walnut Grove yetu, na haikuigizwa.

Mji wenyewe upo, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari kutoka Minneapolis, na wakazi wake hawafiki 1,000. Ni tambarare tupu. Vile vilima vya kwenye runinga ni vya Simi Valley, California. Tamthilia haisemi vya kutosha kuhusu Wadakota, wenyeji asilia wa huko, waliofukuzwa Minnesota baada ya vita vya 1862, miaka 12 tu kabla ya familia halisi ya Ingalls kufika huko, na hilo ni pengo kubwa. Hata hivyo, familia za Wahmong, watu wenye asili ya Laos, zimehamia mji huo, na miongoni mwa waliotangulia wapo walioujua kupitia tamthilia hii. Hilo halinishangazi hata kidogo.

Kipindi ambacho ningependa kila kamati ya harambee ikitazame ni "The Voice of Tinker Jones". Bi. Oleson, mke wa mwenye duka, anataka kulinunulia kanisa kengele, mradi iwepo na bamba lenye jina la familia yake. Mji unagawanyika, na mchungaji anafikiria kuondoka. Fundi wa shaba asiyeweza kusema anakusanya vitu vya kuchezea vya chuma kutoka kwa watoto, anaviyeyusha, na kengele inapatikana. Haina jina la mtu.

Bamba hilo tunalo sisi pia. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango uliotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Embakasi, urudishwe, ili kanisa lisitumike kisiasa. Alifanya vyema kabisa. Lakini bamba letu sisi tulio ughaibuni liko WhatsApp. Msiba ukitokea, orodha inabandikwa. Kila anayechanga anainakili, anaongeza jina na kiasi, anairudisha kundini. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea na ugomvi unaanza. Na wa kwanza akiandika dola 200, mwenye 20 ananyamaza, kisha anaona haya hata kufika matangani.

Najua orodha iliwekwa ili pesa zisiliwe. Uwazi unaweza kulindwa kwa njia nyingine: watu wawili waione akaunti, mmoja wao awe wa familia iliyofiwa, kila mchangaji atumiwe ujumbe wa kupokelewa, kundini litangazwe jumla tu kila jioni, familia ipewe majina bila viwango, iweze kushukuru.

Kisha ibandikwe orodha ya pili, yenye majina wazi: nani analala na watoto Jumanne, nani anapika chapati Alhamisi, nani anawapokea wageni uwanja wa ndege saa kumi usiku, nani anaondoa theluji mlangoni kabla waombolezaji hawajafika.