Mayai Matano ya Shangazi

Fundi alichomoa themostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini, akaielekeza kwenye mwanga, akainusa. Kisha akanitazama kwa ule upole wa daktari anayetaka kwanza ukae chini.

"Mwalimu," akasema, "nani alikuwa anapika humu?"

Nikajifanya sijasikia. Nyuma yangu, ndani ya gari, Shangazi alikuwa ameketi na trei yake ya mayai mapajani, na masikio ya Shangazi hayajazeeka hata siku moja.

Afadhali nianze mwanzo, ingawa mwanzo wenyewe unaniaibisha zaidi.

Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 1999. Kwa mwezi mzima lilikuwa likiacha kidimbwi chini yake kila likilala. Wiki ya kwanza kidimbwi kilikuwa cha rangi ya waridi. Wiki ya pili kikawa cha kahawia kama chai ya hotelini. Wiki ya tatu kikawa maji matupu, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikiongeza kila asubuhi: maji ya bomba, kutoka kwenye jerikeni ya lita 5 niliyoizoesha kukaa kwenye buti. Mtu mwenye akili angeshajua kuwa kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, imekwisha, mahali fulani panavuja, na ndani kutu inajenga nyumba. Mimi nilisema ni umri.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia siku moja akiwa amesimama mlangoni na ufagio, "gari linakojoa."

"Hayo ni maji ya eesii."

"Eesii gani? Ile iliyokufa mwaka 2019?"

Nikachukua mkoba wangu nikaenda kufundisha ngeli.

Sasa, msinione mjinga sana. Mimi ni mtoto wa dereva. Baba aliendesha malori ya jeshi miaka mingi, na sisi tulikulia kambini, ambako Kiswahili tulikinyonya pamoja na vumbi la gwaride. (Wenzetu shuleni walitucheka kwamba tunaongea lugha ya askari. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liipitishe kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wale wale wananipigia simu wakiuliza tuisheni ya watoto wao ni bei gani. Nawatajia bei ya kulipiza kisasi.) Na kila Idi, baada ya pilau, Baba alitusimulia kisa cha rejeta. Ilikuwa 1984, Karamoja, lori limejaa mahindi, rejeta imetoboka katikati ya Moroto na Soroti, jua linachoma, hakuna fundi wala mti. Baba akanunua mayai kwa mama mmoja njiani, akayapasua ndani ya rejeta, mayai yakaiva kwa moto wa injini, yakaenda yenyewe kuziba tundu. Lori likafika Soroti, kwa maneno yake, "likiimba".

Nimekisikia kisa hicho mara arobaini. Sikuwahi kuuliza swali hata moja.

Basi Jumamosi ile tulikuwa na ndoa ya mpwa wangu Jinja. Shangazi alikuwa ameingia Kampala alfajiri kwa basi la usiku kutoka Arua, na kazi yangu ilikuwa kumchukua na kumfikisha. Alishuka na begi moja dogo na trei ya mayai 30 ya kuku wa kienyeji, iliyofungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Zawadi ya mama wa bibi harusi. "Yamepita Karuma yote," akaniambia kabla hata ya salamu. "Yamepita matuta yote ya barabarani. Halikupasuka hata moja. Sasa usiniaibishe wewe."

Nikamwamkia shikamoo, nikaiweka trei kiti cha nyuma, nikaifunga mkanda.

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, si safari ya kuaga watu. Lakini Jumamosi malori ya mafuta yanatoka Malaba, mabasi yanaenda Mbale, na ukishika foleni ya Mukono unaweza kumaliza juzuu. Tukafika soko la barabarani la Namawojjolo, Shangazi akanunua gonja, zile ndizi za kuchoma, na paja la kuku kupitia dirishani, akala, akalala. Nikaipita Lugazi nikiwa nyuma ya lori la miwa. Tulipoingia msitu wa Mabira, nikatupia jicho dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi juu kabisa, umegusa ile H, na ulikuwa unatetemeka kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Nikaegesha pembeni, chini ya miti. Nikafungua boneti. Mvuke.

Kila dereva anajua usifungue kofia ya rejeta ikiwa ya moto. Hata mimi najua, na nimewahi kumwambia mtu. Unasubiri nusu saa au zaidi, unashika mpira wa juu kwa mkono, ukiona haukuchomi tena ndipo unafungua, taratibu, kwa kitambaa kinene. Mimi nilisubiri dakika kumi, kwa kuwa akadi ilikuwa saa nane. Nikaweka kitambaa, nikazungusha, na Mabira ikapata chemchemi mpya. Maji ya kahawia yaliruka juu ya kichwa changu, yakarudi, yakanipata mkono na nusu ya kanzu. Nilipiga ukelele nikaumeza katikati, nisimwamshe Shangazi.

Hakuamka. Nikachungulia ndani ya rejeta. Karibu tupu. Chini ya gari, matone. Yanatoka wapi, sikuangalia. Hilo ndilo ambalo fundi alikuja kunirudia mara tatu: "Mwalimu, hukuinama?" Sikuinama. Nilikuwa na kanzu nyeupe, na nilikuwa na kisa cha Baba.

Na kiti cha nyuma kulikuwa na mayai 30.

Nilifungua mlango kama mwizi. Nikafungua leso. Nikachukua matano, nikayapanga upya yaliyobaki yasionekane na pengo. Nikarudi mbele, nikaliweka moja juu ya taa ya kulia ili mikono ipate nafasi, nikapasua manne, ute na kiini, yote ndani ya rejeta. Nikamimina maji ya jerikeni, nikafunga kofia.

Nilipogeuka kuchukua la tano, nyani alikuwa amekaa juu ya taa.

Wanaoipita Mabira wanawajua wale nyani, hukaa pembeni ya barabara wakisubiri wasafiri wawatupie kitu. Huyu hakusubiri kutupiwa. Alilishika yai kwa mikono miwili, akanitazama nilivyolowa, kisha akashuka bila haraka, akavuka mtaro akaingia msituni. Hii ndiyo sehemu ya kisa changu ambayo hakuna anayeiamini hadi leo, na ndiyo pekee ambayo mimi sikufanya kosa lolote.

Nikawasha gari. Nikainama sasa, maana kanzu ilikwisha kuharibika. Tone halikudondoka! Nikangoja dakika moja, mbili. Kukavu kabisa. Nilisimama katikati ya Mabira nikijisikia mtoto halali wa baba yangu.

Kilomita za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha nikaanza kusikia harufu. Si mbaya. Harufu ya asubuhi, ya kibandani.

Shangazi akafumbua jicho moja. "Nani anakaanga mayai?"

"Ni vibanda vya barabarani, Shangazi."

Akatazama nje. Ilikuwa miti mitupu. Akatazama tena. Hakusema kitu, na Shangazi asiposema kitu, ujue anahesabu.

Njeru, kabla ya daraja, mshale ulipanda tena, safari hii kwa kasi, na mvuke ukaanza kutoka pande zote za boneti. Afande wa trafiki, mwanamke mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi hasa, akanisimamisha. Akasogea dirishani. Akanusa.

"Umebeba rolex?"

Kwa wasio wa huku: rolex si saa. Ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, na Uganda nzima inaiishi.

"Hapana, afande. Ni injini."

Alinitazama muda mrefu, akatazama kanzu, akamtazama Shangazi. "Mama, uko salama?"

"Niko salama, mwanangu," Shangazi akajibu. "Lakini nina maswali."

Afande ndiye aliyenitafutia pikapu yenye kamba. Daraja lile la Mto Nile lina meta 525, lilifunguliwa Oktoba 2018, na ni fahari ya nchi. Watu hulivuka wakinyoosha shingo kuutazama mto. Mimi nililivuka nimefungwa nyuma ya pikapu ya kabeji, macho kwenye kamba, mguu kwenye breki, huku Shangazi akiwapungia watu mkono kama yuko kwenye msafara wa rais.

Ndivyo tulivyofika kwa fundi, kijana wa Jinja aliyejifunzia kazi Nairobi, na Kiswahili chake kimejaa spana. Aliacha injini ipoe kabisa. Akalala chini, akatoka, akachukua bisibisi, akalala tena. Mizunguko mitatu.

"Mwalimu, rejeta yako ni nzima. Ni hii klipu ya mpira wa chini imelegea na kuota kutu. Nabadilisha, elfu tano."

Shilingi 5,000! Mwezi mzima wa jerikeni.

"Lakini mbona ilikuwa imeacha kuvuja?" nikauliza, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Akaichukua kofia ya rejeta, akanionyesha chini ya mpira wake. Kipande cha ganda la yai, kidogo kama ukucha, kilikuwa kimekaa pale. Akanieleza kwa subira. Kofia ile kazi yake ni kubana presha, maji yakibanwa yanavumilia hadi zaidi ya nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Ganda likazuia kofia kukaa, presha ikawa inatoroka juu, kwa hiyo haikuwepo ya kusukuma maji pale chini kwenye klipu. Tone likakatika. Lakini bila presha, kwa urefu huu wa Jinja wa meta 1,100 na zaidi, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, yanatoka yote kama mvuke. "Na yale yaliyobaki," akasema akifungua nyumba ya themostati, "hayakuwa na njia ya kupita."

Ndipo akachomoa ile themostati, imevikwa kimanda cha manjano vizuri kama kofia ya kitoto, akauliza swali lake.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Shangazi akashuka na trei.

"Nimehesabu tangu Njeru," akasema. "Yako 25. Hapo naona manne. La tano liko wapi?"

"Lilichukuliwa na nyani, Shangazi."

"Nyani."

"Wallahi."

"Na haya manne, nani alikufundisha?"

Nikamweleza. Karamoja, 1984, lori la mahindi, Baba. Nilipofika pale lori linapofika Soroti likiimba, Shangazi alikuwa amejishika kwenye tairi kuukuu la fundi, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia.

"Mimi nilikuwa ndani ya lile lori!" akasema alipopata pumzi. "Nilikuwa msichana, baba yako ananirudisha shule. Lori lilivutwa na trekta la misheni hadi Soroti, siku mbili! Mayai tuliyala. Tuliyachemsha kwenye maji ya hiyo hiyo rejeta, tukala na chumvi."

Fundi aliketi chini kabisa, spana ikamponyoka.

Kuusafisha mfumo kulichukua zaidi ya saa. Alitoa themostati, akafungua mipira yote miwili, akaingiza bomba kinyumenyume, maji yakisukuma kutoka chini kwenda juu, na vipande vikatoka, vikatoka, kuku wa jirani wakakusanyika (sitaki kulifikiria hilo). Alipoona maji yanatoka meupe, akaweka klipu mpya, themostati mpya, kofia mpya, akachanganya kulanti na maji safi nusu kwa nusu, akamimina polepole.

"Sasa tunatoa hewa. Mwalimu, ingia, washa, fungua hita hadi mwisho."

Hita. Jinja. Saa nane na nusu mchana. Lazima iwe wazi, akasema, ili maji yapite na kule ndani, hewa isibaki imejificha. Shangazi alikuwa amerudi kitini na hakukubali kushuka tena, kwa kuwa ameshajipamba na vumbi la gereji litamchafua. Tukakaa wawili, kanzu imelowa, wanja umeanza kushuka, hita inatupulizia upepo wa jehanamu wenye harufu ya mayai, huku fundi akiminya mpira wa juu na mapovu yakitoka rejetani, bup, bup, akiongeza kidogo kidogo. Mpaka feni ikajiwasha yenyewe, ikazima, ikawasha tena, akafunga kofia.

"Nyani," Shangazi akanong'ona peke yake, akajifuta jasho.

Akadi tuliikosa. Tulifika watu wanakula. Shangazi alipita moja kwa moja chumba cha wanawake na trei yake, na nilimsikia kupitia dirishani akimkabidhi mama wa bibi harusi: "Haya ni 25. Manne amekula gari la mwalimu, na moja anasema amekula nyani." Kicheko kilichofuata sitakisahau.

Nikajisogeza chini ya turubai, nikakaa karibu na Baba, kanzu yangu ina ramani ya Afrika kifuani. Alikuwa na sahani ya pilau, na wajukuu watano wamemzunguka. Akanisogezea soda.

"Nasikia gari limekusumbua njiani."

"Kidogo, Mzee. Rejeta."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyeyaona mengi.

"Ungeweka mayai," akasema, akawageukia watoto. "Mnajua, mwaka 1984, kule Karamoja..."