Mita 30 zipo, lakini oda haikatiki

Kompyuta inaonyesha mita 30 za bomba la mraba. Mteja anataka vipande vitano vya mita 4, yaani mita 20. Karani anapokea oda, ankara inatoka, pesa inalipwa. Fundi akiingia stoo anakuta vipande 12 vya mita mbili na nusu. Mita 30 zimetimia kabisa, na hakuna hata kipande kimoja cha oda kinachoweza kupatikana.

Programu nyingi za biashara zimezoea bidhaa za aina mbili: zinazohesabiwa moja moja, kama mfuko wa saruji, na zinazopimwa kwa jumla, kama mchanga. Bomba, nondo, mbao na bati haviingii vizuri kokote. Tunaviuza kwa mita kama mchanga, ila stoo vinakaa kama vipande, na vipande viwili vifupi havigeuki kimoja kirefu. Ndiyo maana naona duka linalokata kwa vipimo vya wateja halipaswi kukubali programu inayotunza jumla ya mita peke yake, hata iwe na ripoti nzuri namna gani. Kila urefu uwe na mstari wake: bomba 40 kwa 40, milimita 6,000, idadi 14, bomba hilohilo, milimita 2,500, idadi 12. Jumla aachiwe mhasibu.

Linalofuata ni msumeno. Bomba la mita 6 halitoi vipande vinne vya mita 1.5. Jiwe la kukatia lenye unene wa milimita 3 likipita mara tatu limekula milimita 9, na kipande cha nne kinabaki na milimita 1,491. Kwa nguzo ya uzio hakuna atakayelalamika. Kwa fremu ya mlango, kazi imeharibika. (Wapo wanaosema bomba la kiwandani huwa na ziada kidogo. Huenda, lipime kwanza.) Hasara hii iwekwe kwenye programu kwa kila mashine, isiwekwe kwa kila bidhaa, kwa sababu bomba lilelile likikatwa kwa msumeno mwembamba linapoteza chini ya hapo, na nondo ikikatwa kwa mkasi haipotezi kitu. Kwa mbao ongeza ncha zilizopasuka, ambazo lazima ziondolewe kabla ya kipimo cha kwanza kuanza.

Vipimo vihifadhiwe kwa milimita, namba kamili, bila nukta. Mteja aongee kwa futi akitaka, programu ifanye hesabu. Futi 10 ni milimita 3,048. Karani akiandika "mita 3" kwa mazoea, kila bati linapungua milimita 48, na bati likiisha kukatwa fupi halirefuki.

Oda ya kukata inapaswa kuacha alama nne kwenye vitabu, na hapa ndipo programu nyingi hushindwa. Chukua oda ya kipande kimoja cha milimita 4,200. Bomba la 6,000 linatoka stoo. Kipande cha 4,200 kinaingia kwenye oda. Milimita 3 zinaandikwa kuwa vumbi. Kipande cha 1,797 kinarudi stoo kama bidhaa mpya yenye namba yake. Jumlisha tatu za mwisho: 6,000. Isipotimia, programu ikatae kufunga kazi. Programu ikitoa mita 4.2 tu kwenye jumla, kile kipande cha 1,797 kipo kwenye hesabu lakini hakijulikani kiko wapi wala kina urefu gani. Vikifika mia, stoo imejaa mali isiyouzika huku oda mpya za bomba zima zikiendelea kupelekwa kiwandani.

Kanuni ya kuchagua mabaki nayo inahitaji kufikiriwa. Kanuni ya kawaida ni kutumia kipande kifupi kuliko vyote kinachotosha. Tuseme inatakiwa mita 2, na yapo mabaki ya 2,300 na 3,100. Kanuni inachagua 2,300 na kukuachia milimita 297 za chakavu. Ukikata kwenye 3,100 unabaki na 1,097, ambazo huenda zikauzika. Lipi ni sahihi? Inategemea kama vipande vya mita moja hutoka dukani kwako. Kama havitoki, umehamisha chakavu kutoka leo kwenda kesho tu. Kila bidhaa iwekewe urefu wa chini kabisa unaofaa kurudi stoo, na urefu huo uangaliwe upya kwa kufuata mauzo halisi.

Koili za mabati, yaani bati refu lililoviringishwa, zina mtego wake. Zinanunuliwa kwa kilo, zinauzwa kwa mita. Koili ya tani 3, upana milimita 914, unene 0.30, ina takriban mita 1,394 kwa hesabu ya chuma cha kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, ukiacha rangi na zinki. Unene ukiwa 0.31, mita zinashuka hadi 1,349. Tofauti ya mita 45 imetokana na unene ambao jicho haliuoni, na mwendesha mashine ndiye atakayeshukiwa kwa wizi. Kwa hiyo kila koili iwe na hesabu yake, ipimwe unene inapoingia, na ikiisha ifungwe kwa kulinganisha mita za mashine na kilo za ununuzi.

Hali za oda zisizidi nne: imepokelewa, imelipiwa, inakatwa, imekatwa. Fundi akibonyeza "inakatwa", sehemu ya urefu ijifunge. Mteja akipiga simu kubadili kipimo, hiyo ni oda nyingine.

Hata hayo yote yakiwepo, fundi mwenye haraka atachukua bomba zima kama kipande alichoelekezwa kimefunikwa na vingine kumi. Mabaki yasimamishwe wima kwenye vyumba vilivyopangwa kwa urefu, kila nusu mita na chumba chake, na namba ya kipande iandikwe kwa kalamu ya rangi kwenye ncha ya juu kikiwa bado kimebanwa mezani. Kikishaegemezwa ukutani bila namba, hakuna atakayerudi kukipima.