Mtumishi, zile dawa hukuzinunua wewe

Nimetumiwa klipu kwenye grupu la ukoo, ibada ya uponyaji hapa hapa Mbeya, kanisa silitaji. Kijana kasimamishwa mbele, mama yake analia, anasema hospitali waliambiwa ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Mtumishi anachukua mfuko wa dawa anaumwaga chini: umepona, sumu hii basi! Vigelegele. Grupu zima amina amina. Nimeona niandike huku kuliko kugombana na mashangazi.

Najua mtasema kalogwa, alikuwa anaenda chuo, jirani akamwonea kijicho. Aisee, huu ugonjwa kwa wanaume wengi unaanzia mwishoni mwa shule mpaka miaka ya 20 na kitu, yaani umri ule ule wa kwenda chuo, sasa jirani hawezi kukosa kusingiziwa. Sababu si moja. Damu inachangia, mzazi akiwa nao hatari ya mtoto ni kama asilimia 10, wengine ni kama 1. Bangi ukiianza mapema nayo inaongeza, vijana wa Mwanjelwa mnanisikia.

Kinachoniuma ni huo mfuko. Dawa kama haloperidoli zinapunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, sauti anazosikia mgonjwa zinatulia, yale mawazo ya kwamba majirani wanamfuatilia yanalegea. Ukiziacha leo, kesho hauchanganyikiwi. Inaweza kupita wiki, hata miezi, unakula, unalala, unacheka, na hapo ndo mtumishi anaonekana kashinda, ushuhuda unarekodiwa, watu wanatoa sadaka. Halafu ugonjwa unarudi, na ukirudi mtumishi hayupo, na akipigiwa simu anasema imani ya familia ilipungua. Kwa hiyo akitulia ni maombi, akirudiwa ni kosa la mama! Mchezo gani huo ambao mtu hawezi kushindwa?

Binamu yangu wa Tukuyu yalimkuta hayo hayo. Kabla hajaanza kuongea na watu tusiowaona alijifungia tu chumbani, haogi, hajibu salamu, mjomba akawa anamwita mvivu na kumtoa alfajiri akachume chai kwenye baridi ile ya Julai. Hatukujua kwamba kunyamaza na kupoa vile nako ni dalili, wote tulikuwa tunasubiri mtu aokote makopo barabarani ndo tuseme anaumwa. Akapata dawa, akakaa sawa, akaambiwa azitupe, akazitupa. Mara ya pili alikuja kushikwa na wanaume wanne.

Haya, nikubali kidogo. Hizo dawa zinatesa, mtu anatetemeka, anakakamaa, wengine wananenepa, usingizi usioisha. Lakini hilo unamwambia daktari, anapunguza dozi au anabadilisha, au anakupa benzheksoli ya kutuliza kutetemeka, na anayechoka na vidonge kuna sindano ya mwezi. Na ni kweli kanisani wanakuja kukutembelea na ndizi, hospitali unapanga foleni halafu unaambiwa dawa zimeisha kanunue nje. Maombi sijayakataa mimi, muombeeni hata usiku kucha, ila asubuhi anywe dawa.

Na kama mtumishi anataka kusaidia kweli, sadaka ya ibada ile ingemlipia yule mama nauli ya kliniki mwaka mzima, chenji ikabaki ya chai na maandazi.