Vitundu vya Nini?

Kwa bibi kulikuwa na mtungi uliotoka jasho. Maji yalipenya taratibu kwenye vitundu vya udongo, yakageuka mvuke kwa nje na kuondoka na joto, ya ndani yakabaki baridi. Nilipofika chuo nikataka kuupima: gramu ngapi zinapotea kwa saa, joto linashuka nyuzi ngapi. Mhadhiri wangu alisoma ukurasa mmoja tu. "Hii nani atainunua?" Nikaishia kupima sabuni.

Ndiyo maana Tuzo ya Nobel ya kemia ilipotangazwa tarehe 8 Oktoba 2025, kwa watu watatu waliounda fuwele zenye vitundu ndani, mimi nilimganda Susumu Kitagawa. Wenzangu walimzungumzia zaidi Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi aliyekulia Amman katika chumba kimoja na ndugu zake, na siwalaumu. Wa tatu ni Richard Robson.

Kitagawa, mzaliwa wa Kyoto, Japani, wa mwaka 1951, mwaka 1992 alionyesha fuwele yenye vyumba vidogo ndani, vikiwa vimejaa molekuli za asetoni. Haikuwa imara, wala hapakuwa na kazi ya kuipa. Maombi yake ya fedha za utafiti yakawa yanarudi na jibu la hapana.

Mwaka 1997 ndipo kazi yake ilipopamba moto. Alitengeneza fuwele yenye mifereji iliyovukana, akaikausha maji yote, na haikubomoka. Akaijaza methani, kisha naitrojeni, kisha oksijeni. Iliingiza gesi na kuitoa, umbo lake likiwa lilelile. Hata hapo wenye fedha hawakuvutiwa: zeolaiti, yale madini yenye vitundu, zipo, zinanyonya gesi, hizi zako za nini? Jibu lake lilikuja mwaka uliofuata. Zeolaiti ni ngumu kama jiwe, lakini fuwele za aina yake zingeweza kuwa laini, zikatanuka na kunywea kama pafu.

Yeye husema anatafuta manufaa ya visivyo na manufaa. Sikubaliani naye moja kwa moja. Mwanafunzi aliyelipiwa ada kwa ng'ombe wa baba yake ana haki ya kuulizwa ajira iko wapi. Ninalokataa ni kuulizwa hivyo kabla hata hajapima chochote. Leo nyenzo za jamii ya fuwele hizo zimeshavuna maji kutoka hewa ya jangwani Arizona, Marekani.

Juzi nimenunua mtungi, nikauweka dirishani juu ya mizani ya jikoni. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili wa nini.