Tambi za shamba la mafia

Hapa Bologna kuna tambi za ngano iliyolimwa kwenye mashamba waliyonyang'anywa mafia, na pakiti yenyewe inakwambia hivyo bila kificho. Bei iko juu kidogo. Nalipa kwa raha zangu, halafu nikiikumbuka Mombasa raha inaniisha.

Najua mtakalosema: ashakuwa Mtaliano huyo, anatuletea maringo. Na yule mjuaji wetu ataongeza, kwani mafia si wa hukohuko? Ni wa huku, naam. 'Ndrangheta, kundi la mafia la Calabria huko kusini, ni katika waingizaji wakubwa wa kokeini Ulaya nzima. Pio La Torre, mbunge aliyetaka mhalifu afilisiwe, si kufungwa tu, aliuawa Palermo Aprili 1982. Sheria yake ikapita Septemba mwaka huohuo. Mwaka 1996 ikaja nyingine: mali hiyo iwarudie wananchi. Jumba la bosi linageuzwa kituo cha vijana, shamba linapewa ushirika. Si yote, jamani. Majumba mengine yanaoza yakingoja mihuri, maana urasimu wa watu hawa, wee acha tu!

Sisi je? Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, wauza unga, walikamatwa Mombasa 2014, kesi ikavutwa mpaka Januari 2017 walipopandishwa ndege kwenda Marekani. Korti ya New York ikampa Baktash miaka 25, Ibrahim 23. Na hukohuko ndiko tulikosikia waziwazi habari za majaji, waendesha mashtaka na polisi wetu kuhongwa. Haya, nitajieni jumba moja la muuza unga ambalo leo wanatibiwa mateja.

Msiniambie hatuna sheria. Ya kutaifisha mali chafu tunayo tangu 2009, na korti zimeshachukua magari na pesa. Zikishaingia serikalini, nani aliyewahi kuziona tena mtaani?

Tena kwa kujua tunawashinda Wataliano. Wao wananasa simu miaka ili wamjue bosi. Kwetu mtoto wa chuoni akitumwa dukani anakuonyesha nyumba, gari na mke wa pili. Kisha siku ya harambee tunamketisha mbele. Ati katoa mabati, usimuulize pesa alikozitoa.

"Basi rudi uje umtaje wewe!" Nimtaje, na mamangu bado anaishi mtaa uleule?