Kampuni Ikikua Haraka, Ulizia Kiti Chako

Sheryl Sandberg, aliyekuja kuwa mmoja wa wakuu wa Facebook, aliwahi kusimulia jinsi Eric Schmidt, mkuu wa Google wakati huo, alivyomshawishi ajiunge na Google mwaka 2001, wakati yeye mwenyewe anasitasita kwa kuwa kazi aliyotajiwa haikueleweka vizuri. Schmidt alimwambia kwamba mtu akipewa nafasi kwenye roketi haulizi amepangiwa kiti kipi, anapanda tu. Ushauri huo umerudiwa hadi umekuwa kama sheria kwa vijana wanaotafuta kazi. Kwa Sandberg ulizaa matunda, sibishi. Lakini mimi nimeingia kwenye kampuni tukiwa wachache tunaojuana kwa majina, nikatoka wakati watu wa ghorofa moja wanaulizana kwenye lifti, "Samahani, wewe ni wa idara gani?" Nilichokiona huko katikati kinanifanya niseme kinyume: kiti ulizia, tena ulizia sana.

Watu huwa hawaelewi jinsi kazi yenyewe inavyobadilika idadi inapopanda. Piga hesabu ndogo. Watu 5 wakifanya kazi pamoja, jozi zinazoweza kuhitaji kuzungumza ni 10. Wakiwa 50, jozi ni 1,225. Watu wameongezeka mara 10, mazungumzo yameongezeka zaidi ya mara 120. Ndiyo maana Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Mgeni lazima afundishwe, na wa kumfundisha ni yuleyule aliyekuwa akiifanya kazi.

Kwetu kulikuwa na jedwali la Excel la kurudishia wateja fedha zao. Alilitengeneza dada mmoja wa uhasibu zamani, kampuni ikiwa na wateja wa kuhesabika. Mstari wa njano ulimaanisha mteja ameshalipwa. Njano iliyopauka ilimaanisha amelipwa nusu. Jina likiwa na nukta mwishoni, maana yake mteja ni mkorofi, mpigie kwanza. Hakuna mahali popote palipoandikwa hayo. Sisi wa mwanzo tulijua kwa kukaa naye meza moja. Alipokwenda likizo ya uzazi, jedwali likabaki mikononi mwa vijana walioajiriwa juzijuzi. Wakaona njano, wakaona njano nyingine, wakadhani ni kioo cha kompyuta. Kuna wateja walilipwa mara mbili na kuna ambao hawakulipwa kabisa, na simu zao tulizipokea sisi.

Lawama waliangushiwa vijana, na naona si haki. Ila kinachoniuma zaidi ni yaliyompata yule dada. Aliporudi alikuta ameletwa mkuu wa idara kutoka nje. Wakubwa walikuwa wanampenda, wanamsifu kwenye kila kikao, na kwa miaka yote hiyo hawakumpandisha cheo kwa sababu moja tu: wakimtoa pale, nani ataelewa jedwali? Wengi wetu hujivunia kuwa mtu ambaye bila yeye mambo hayaendi. Kwenye kampuni inayokua, sifa hiyo inakufunga. Kazi unayoijua peke yako itakung'ang'ania mpaka wenzako wakupite. Iandike, ifundishe, mwachie mtu mwingine hata kama mwanzoni ataifanya vibaya kuliko wewe (na ataifanya vibaya, jiandae), kisha nenda ukashike tatizo ambalo bado halina mwenyewe. Matatizo yasiyo na mwenyewe huko yamejaa.

Kuna na suala la vyeo. Kampuni ikikua, mtu anaweza kuwa meneja kwa sababu tu alikuwepo wakati idara inaanzishwa. Hongera zinamiminika, kadi mpya inachapishwa, na hakuna anayemfundisha namna ya kumwambia mtu mzima kwamba kazi yake haitoshi. Kipimo changu ni kimoja: ukienda leo sokoni kutafuta kazi, kuna mgeni asiyekujua atakayekupa cheo hichohicho? Kama hakuna, cheo hicho umekopeshwa, na deni lake unalilipa kwa kujifunza haraka. Wakikuletea bosi mpya juu yako, usikimbilie kununa. Wapo wanaoletwa ambao hawajui kitu zaidi ya kuongea, tuwe wakweli, lakini wapo pia waliokwishapita njia mnayoiendea. Huyo wa pili kaa naye karibu, muulize maswali mpaka akuchoke.

Jambo gumu zaidi, na wengi hulijua wakishachelewa, ni kwamba ukuaji unaficha. Mauzo yakipanda kila mwezi, kila uamuzi unaonekana wa busara na kila mkuu wa kitengo anaonekana hodari. Zoom, kampuni ya mikutano ya video, ilikuwa na washiriki wa mikutano kama milioni 10 kwa siku mwezi Desemba 2019; Aprili 2020 wakafika milioni 300. Wakaajiri, wakaajiri. Februari 2023 wakapunguza wafanyakazi karibu 1,300, yaani kama asilimia 15. Miezi michache kabla, Novemba 2022, Meta, kampuni mama ya Facebook, iliwaachisha kazi zaidi ya watu 11,000, na mkuu wake Mark Zuckerberg akakiri kwamba alidhani ongezeko la wakati wa korona lingedumu. Siamini kwamba watu wote hao walikuwa wazembe. Wengi walikuwa wamekaa kwenye nafasi zilizofunguliwa na wimbi, na wimbi likarudi. Kwa hiyo weka daftari lako mwenyewe, pembeni na ripoti za kampuni: ni kitu gani kisingefanyika mwezi huu kama mimi nisingekuwepo? Kuna miezi jibu litakuwa fupi mno.

Kuna na suala la hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni unayoahidiwa juu ya mshahara. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba hisa unazoahidiwa zinakuwa zako kidogo kidogo ndani ya miaka 4, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha huambulii kitu. Mara nyingi unachopewa si hisa zenyewe bali haki ya kuzinunua kwa bei iliyopangwa, na ukiacha kazi unaweza kuwa na siku 90 tu za kutafuta fedha uzinunue, la sivyo zinapotea. Kampuni ikiuzwa, kwa kawaida wawekezaji wakubwa wanachukua chao kwanza. WeWork, kampuni ya kukodisha ofisi za pamoja, ilithaminiwa dola bilioni 47 mwanzoni mwa mwaka 2019. Novemba 2023 ikafilisika na kuomba mahakama iikinge na wanaoidai. Mimi mshahara nauhesabu kuwa malipo. Hisa nazihesabu kuwa tiketi ya bahati nasibu, na sijawahi kukubali kupunguziwa mshahara ili niongezewe tiketi.

Je, ningeingia tena kwenye kampuni ya namna hiyo? Ningeingia, hasa kama bado ni kijana na sina wa kumlipia ada. Huwezi kupata mahali pengine patakapokukabidhi mambo makubwa ukiwa na uzoefu mdogo kiasi hicho. Ila kwenye usaili, wakifika pale wanapouliza kama nina swali, ningeuliza nani alikuwa akifanya kazi hii kabla yangu na sasa yuko wapi. Wakisema amepanda, ningeomba kuongea naye kabla ya kusaini. Wakisema nafasi ni mpya, ningetaka kujua ni maumivu gani yaliyowafanya waifungue, na nani ameyabeba mpaka sasa. Wakisema wameondoka wawili ndani ya mwaka mmoja na kuanza kunieleza habari za ari na moyo wa kujituma, ningewashukuru kwa muda wao na kuomba ruhusa ya kuondoka.